Nisomee Nguzo: Miezi Yangu ya Mwanzo Tokyo

Barabara nyingi za Tokyo hazina majina. Zile kubwa zinayo, lakini njia za ndani na vichochoro ambako watu wanaishi havina, na hakuna anayeona kwamba kuna kitu kimepungua. Anwani ya nyumba haitaji barabara. Inataja wilaya, inataja mtaa, kisha zinafuata namba tatu zilizounganishwa kwa vistari, tuseme 2-14-7: sehemu ya pili ya mtaa huo, kitalu cha 14, nyumba ya 7. Aliyewahi kushika hati ya kiwanja Tanzania ataelewa mara moja, maana nasi tunaandika kiwanja namba fulani, kitalu fulani. Ila sisi namba hizo tunazifungia kabatini pamoja na hati. Mtu akitaka kuja nyumbani tunamwambia ashuke Sinza Kijiweni, avuke barabara, aulize duka la Mangi. Hata baada ya operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, vibao vikasimikwa na nyumba zikapewa namba, mgeni bado anaelekezwa kwa Mangi.

Nilihamia Tokyo mwaka 2016 kwa masomo ya uzamili, baadaye nikabaki kwa kazi. Kabla ya safari nilipewa ushauri mwingi kuhusu koti la baridi, viza, namna ya kutuma hela nyumbani na vyakula vya kufungasha. Kuhusu kupotea hakuna aliyeniambia neno, labda kwa sababu kila mtu anaamini simu itamaliza kazi hiyo. Naandika haya kwa ajili ya wadogo zetu wanaoondoka kila mwaka kwenda Japani, China, Uturuki, Kanada na kwingineko. Namna ya kujua uko wapi tunaijifunza utotoni bila kufundishwa, na tunaijifunza kwa mji mmoja. Ukihama, ile elimu haihami nawe.

Mtu wa Dar anaijua bahari iko upande gani hata asipoiona. Upepo wa jioni unamwambia, na daladala zote zinazoita Posta zinaelekea huko. Konda anataja vituo kwa sauti. Halafu kuna watu. Kuna muuza chipsi, kuna vijana wa bodaboda kijiweni, kuna mama aliyeweka ndoo ya maandazi kibarazani, na pale ambapo hakuna mwingine kuna mjumbe wa nyumba kumi ambaye anajua nani kahamia lini. Ukipotea Mbagala unapotea mbele ya watu. Kabla hujamaliza kuuliza, wameshaanza kubishana wao kwa wao njia ipi ni fupi.

Mimi nilipangiwa chumba Asagaya, wilaya ya Suginami, upande wa magharibi wa jiji. Huko bahari huioni wala huisikii. Stesheni zenyewe hazikunisumbua sana. Kila kituo kina namba na jina lililoandikwa pia kwa herufi za Kilatini, kila reli ina rangi yake, na tangazo linatolewa kwa Kijapani na Kiingereza. Shida inaanza ukishapita geti la tiketi. Unatoka nje, unapita maduka, unakata kona ya kwanza, na ghafla uko kwenye njia nyembamba yenye kuta pande zote mbili, madirisha yamefungwa, baiskeli zimepangwa vizuri, na hakuna mtu. Saa moja ya usiku, katika mtaa wenye maelfu ya wakazi, unaweza kutembea dakika kumi ukasikia viatu vyako tu. Jambo hilo ndilo lililoniumiza wiki za mwanzo kuliko kutojua njia. Nilizoea kwamba mahali penye nyumba pana watu nje.

Na giza linawahi. Sisi wa karibu na ikweta tumezoea jua linalozama muda karibu uleule mwaka mzima. Tokyo mwezi Desemba jua limeshazama saa kumi na nusu jioni, na mwezi Juni linachomoza saa kumi na nusu alfajiri. Ilinichukua muda kuzoea kwamba kutoka darasani ni kutoka usiku.

Jumamosi moja ya Desemba dada mmoja Mtanzania, mwenyeji wa miaka mingi huko, alinialika kwake Koenji kula pilau. Koenji ni kituo kimoja tu kabla ya kwangu. Nilipandia kituo cha Shinjuku treni ya rangi ya chungwa, ileile niliyokuwa napanda kila siku ya masomo, na siku zote ilikuwa inasimama Nakano, Koenji, kisha Asagaya. Siku hiyo ilisimama Nakano, halafu Koenji ikapita dirishani. Asagaya ikapita. Nikashushwa Ogikubo. Siku za kazi treni hiyo ya haraka inasimama Koenji, Asagaya na Nishi-Ogikubo. Jumamosi, Jumapili na sikukuu inaviruka vituo hivyo vitatu. Ukitaka kushuka huko wikiendi unapanda ya rangi ya njano, ambayo inasimama kila kituo, na inaondokea jukwaa jingine. Ratiba inaeleza hivyo ukutani. Lakini nani anasoma ratiba ya treni anayoipanda kila siku?

Nilirudi kwa ile ya njano, nikashuka Koenji, nikatokea mlango wa kaskazini, na giza lilikuwa limeshatanda. Mkononi nilikuwa na karatasi yenye anwani. Simu ilikuwa haina laini ya Japani bado, maana nilikuwa nasubiri karatasi zikamilike, kwa hiyo nilitegemea Wi-Fi ya bure ya madukani. Nilitembea kwenye vichochoro mpaka nikaanza kuiona mashine ileile ya vinywaji mara ya pili. Nikatafuta duka lenye Wi-Fi, nikasimama mlangoni, nikampigia dada.

"Shikamoo dada. Nimepotea."

"Marahaba mdogo wangu. Uko wapi?"

"Nje ya duka moja la saa ishirini na nne."

"Lipi? Hapa yapo kila kona."

"Lina taa nyeupe, mbele yake kuna mashine za vinywaji."

"Yote yana taa nyeupe. Sikiliza, usinieleze unachokiona. Nisomee nguzo."

"Nguzo gani?"

"Nguzo ya umeme iliyo karibu yako. Tazama juu kidogo ya kichwa chako, kuna kibao kimebandikwa. Kina maandishi, chini yake namba. Nisomee namba."

Nikasogea kwenye nguzo huku nikichunga mtandao usikatike. Kibao kilikuwepo. Nilikuwa nimepita mbele ya vibao kama hivyo tangu nifike nchini, nikadhani ni mambo ya kampuni ya umeme. Nikamsomea. Akasema niko sehemu ya pili ya mtaa, yeye yuko ya tatu. Nitembee nikitazama kila nguzo mpaka namba ya mwanzo ibadilike, kisha nianze kutafuta kitalu. Akanirudia mara mbili, maana alijua nikiondoka pale dukani sitampata tena.

Duka la saa ishirini na nne kama alama ya njia ni kosa ambalo kila mgeni atalikuta, kwa sababu kote tulikotoka duka ni alama. Japani ina maduka ya aina hiyo zaidi ya 50,000, yenye rangi zilezile na yamepangwa namna ileile kutoka kaskazini hadi kusini. Kumwambia mwenyeji "nipo karibu na duka" ni kumwambia "nipo karibu na mti" ukiwa msituni.

Nguzo, kwa upande mwingine, haidanganyi. Nilifika sehemu ya tatu. Kitalu nikakipata. Nyumba ndiyo iliyokataa. Namba za milango zilikuwa zinapanda, halafu zinaruka, halafu nyumba mbili jirani zina namba moja. Wakati nimesimama pale akaja mama mtu mzima akikokota baiskeli, kikapuni vitunguu vya majani marefu vimechungulia nje. Nikainama, nikamwonyesha karatasi. Akaisoma, akasema maneno ambayo sikuyaelewa, akageuza baiskeli. Taa ya baiskeli yake ilikuwa ile inayowaka kwa kuzungushwa na gurudumu. Tukitembea inaangaza ukutani; tukisimama kusoma kibao cha mlango inazima. Basi kila mlango alikuwa anaisukuma baiskeli mbele kidogo, anairudisha nyuma, anaisukuma tena, ili mwanga upatikane wa kusoma namba. Tulizunguka kitalu kizima namna hiyo. Nyumba ya dada ilikuwa ndani, mwisho wa kijia chembamba kilichopita kati ya kuta mbili, pasipoonekana kutoka njiani. Mama yule hakuondoka mpaka dada alipofungua mlango na harufu ya pilau ikatoka. Wakainamiana, wakasemezana, akaenda zake na vitunguu vyake.

Dada ndiye aliyenieleza usiku ule namna namba zinavyokwenda, na baadaye nikathibitisha mwenyewe kwa kutembea. Sheria ya mwaka 1962 ndiyo iliyoweka mfumo huu wa vitalu. Zamani nyumba ilibeba namba ya kiwanja, na viwanja vilipewa namba kadiri vilivyosajiliwa na kugawanywa, kwa hiyo jirani yako wa kulia angeweza kuwa na namba iliyo mbali kabisa na yako. Kwa mfumo mpya, kitalu kinazungukwa kwa mwelekeo wa mshale wa saa, na pembeni yake kinagawanywa vipande vya urefu sawa, kila kipande na namba yake. Nyumba inachukua namba ya kipande ambacho mlango wake unatokea. Ukuta mrefu usio na mlango unameza namba kadhaa. Nyumba mbili zinazotokea kijia kimoja zinapata namba moja. Ukishalijua hilo, namba zinazoruka zinakuambia kitu: hapa pana kiwanja kikubwa, pale pana nyumba iliyojificha nyuma. Na sehemu ya kwanza ya mtaa, kwa kawaida, ndiyo iliyo karibu zaidi na Kasri ya Mfalme katikati ya jiji. Kwa hiyo namba zikipungua unaelekea mjini, zikiongezeka unaelekea nje.

Si kote lakini. Kuna mitaa ya zamani, kama ile ya Ushigome ndani ya wilaya ya Shinjuku, ambayo wakazi wake walishikilia majina na namba zao za kale. Huko usitegemee mfululizo wowote, uliza.

Na vichochoro vya Suginami vinapinda kwa sababu. Vingine vilikuwa vijito. Katikati ya karne iliyopita, jiji lilipojaa watu, vijito vingi vilifunikwa na kugeuzwa njia. Mto mdogo wa Momozono, kwa mfano, leo ni njia ya waenda kwa miguu yenye miti na mabenchi, inayokwenda ikijipinda kutoka upande wa Asagaya mpaka Nakano, na maji yako chini. Ukijikuta kwenye njia ya Tokyo inayopinda bila sababu wakati nyumba zimeipa mgongo, yawezekana unatembea juu ya maji. Mimi napenda sana kulijua jambo hilo. Linanifanya nione kwamba mji huu nao ulikuwa na mabonde yake ya Msimbazi na Jangwani, ila umeyafunika.

Shinjuku ni habari nyingine. Hicho kituo kimeingizwa kwenye rekodi za Guinness kuwa chenye abiria wengi kuliko vyote duniani, zaidi ya watu milioni 3 kwa siku kabla ya janga la korona, na ukijumlisha njia za chini ya ardhi kina milango ya kutokea zaidi ya 200. Nilipofika, kutoka upande wa mashariki kwenda wa magharibi bila tiketi ilikuwa kazi ya kuzunguka. Njia pana ya kukatiza katikati ilifunguliwa Julai 2020. Nimeona watu wazima, Wajapani, wamesimama pale wakitazama juu kusoma vibao. Kwa Shinjuku ushauri ni mmoja tu: usikubali miadi ya "tukutane Shinjuku". Uliza mlango. Ukishajua jina au namba ya mlango, fuata vibao vya njano, usitazame pembeni. Ukitokea mlango usio wako, rudi ndani ukaufuate wa kwako kwa chini, maana ukijaribu kuzunguka kwa juu reli zitakuzuia.

Kitu kilichonituliza kilikuwa upande wa magharibi wa kituo hichohicho. Jengo la serikali ya jiji la Tokyo lina minara miwili, urefu wake meta 243, na ghorofa ya 45, meta 202 kutoka ardhini, ni mahali pa kutazamia mji, bure. Nilipanda mchana mmoja wa baridi, anga safi, mlima Fuji ukionekana kwa mbali. Nyumba hazikuwa na mwisho. Nilitafuta bahari kwanza, kama ambavyo mtu yeyote wa pwani angefanya, nikaiona kama utepe wa kijivu upande wa mashariki na kusini. Kisha nikaitafuta reli yangu. Reli hiyo ya treni za rangi ya chungwa, ambayo kwa Kijapani inaitwa Chuo, kuanzia Higashi-Nakano mpaka Tachikawa, imenyooka karibu kilometa 25 bila kupinda, kuelekea magharibi. Kutoka juu inaonekana. Koenji na Asagaya ziko juu yake. Pale nikajua kwamba nina uti wa mgongo: nikipotea popote Suginami ya kaskazini nitasimama, nitasikiliza treni, nitaielekea sauti, na nikiikuta reli iliyoinuliwa juu ya nguzo za zege nitatembea chini yake hadi kituo. Nimefanya hivyo mara nyingi, usiku na mchana.

Mchana una alama zake. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la saa sita huwa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka na kusini miezi ya karibu na Desemba. Hatulitumii sana kujua upande. Tokyo iko karibu nyuzi 36 kaskazini, na jua la saa sita liko kusini mwaka mzima. Wajapani wanalithamini sana jua hilo. Nyumba na ghorofa za kupanga, kila inapowezekana, roshani zinaelekezwa kusini, na siku ya jua utaona magodoro na shuka zimening'inizwa huko zote. Kwa hiyo ukitokea kwenye mtaa usioujua, tazama magodoro yametundikwa upande gani. Tazama na madishi ya televisheni: Tokyo yanaangalia kusini-magharibi, iliko setilaiti yao. Hayo nilijigundulia mwenyewe na nikafurahi mno, kwa sababu tangu siku hiyo vichochoro viliacha kuwa kimya.

Ukiwa na njaa ya kuuliza mtu, kuna vituo vidogo vya polisi vinavyoitwa koban. Viko karibu na stesheni nyingi na kwenye makutano, vina taa nyekundu juu ya mlango, na kuelekeza watu njia ni sehemu ya kazi yao ya kila siku. Nilichelewa kuvitumia. Sisi kituo cha polisi tunakwenda tukiwa na shida kubwa, tena tukisindikizwa. Mara ya kwanza nilipoingia, polisi kijana alisimama, akachukua karatasi yangu kwa mikono miwili, akafungua kitabu cha ramani kipana kama meza, ramani inayoonyesha kila jengo na jina la mwenye nyumba. Akafuata mistari kwa ncha ya kalamu iliyofungwa, akaniambia kushoto, moja kwa moja, kulia, halafu akatoka nje kuninyooshea mkono. Mgeni mkaazi anatakiwa na sheria kuwa na kadi yake ya ukaazi muda wote, basi uwe nayo mfukoni. Na jifunze maneno machache ya njia kabla hujaondoka nyumbani. Kwetu Waswahili Kijapani cha kutamka si kigumu, silabi zake nyingi zinaishia kwa irabu kama zetu. Ukisema "sumimasen", yaani samahani, vizuri, hata mwenye haraka anasimama.

Ramani za ubaoni zilizoko mitaani nazo zina desturi yake. Nyingi hazikuweka kaskazini juu. Juu ya ramani ni kile kilicho mbele yako ukiwa umesimama ukiitazama. Tafuta alama ya ulipo, kisha nyoosha mkono mbele, hiyo ndiyo njia. Mashine za vinywaji pia, zile nilizokuwa nazizunguka, nyingi zina kibandiko chenye anwani ya mahali zilipo, ili mtu akipiga 119 kuita gari la wagonjwa au 110 kuita polisi aweze kusema yuko wapi. Nawaambia wageni walijue hilo kabla ya mambo mengine yote. Mtu anayeanguka njiani hawezi kusubiri ueleze rangi ya duka.

Nipenyeze jambo moja ambalo ni letu peke yetu. Tokyo iko mbele ya Dar kwa saa 6. Saa ya mkononi ukiiacha kwenye majira ya Afrika Mashariki, tarakimu inayoonyesha ndiyo saa ya Tokyo kwa Kiswahili. Ikionyesha 12 mchana wa Dar, Tokyo ni saa kumi na mbili jioni. Ikionyesha 1, Tokyo ni saa moja usiku. Sijabadilisha saa yangu mpaka leo. Nikiitazama najua mama yuko kwenye saa ngapi na mimi niko kwenye saa ngapi, kwa kutazama mara moja.

Vijana wanaokuja sasa wana bando tangu uwanja wa ndege, na wananiambia haya yote yamo kwenye simu. Mengi yamo kweli, na mimi natumia simu kila siku. Lakini chini ya ardhi Shinjuku ile nukta ya buluu inahangaika huku na huko. Kwenye nyumba za mwisho wa kijia inakuleta ukutani na kukuambia umefika. Na kuna siku ambazo simu haitoshi.

Dada wa Koenji alikuwa kazini Shimbashi, katikati ya jiji, tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko lilipiga saa 8:46 mchana. Treni zilisimama, simu hazikushika, na usiku ule mamilioni ya watu wa Tokyo na mikoa ya jirani walikwama mbali na nyumbani. Wengi walitembea. Yeye alitembea na wafanyakazi wenzake, wakagawanyika njia panda moja baada ya nyingine, mpaka akabaki peke yake katika umati wa watu waliokuwa wakitembea kimya upande mmoja. Anasema hakuogopa kwa sababu alikuwa anaijua Ome Kaido, barabara kuu iendayo magharibi, na nguzo zilikuwa zinamwambia namba. Alifika kwake usiku wa manane.

Tangu aliponisimulia hilo, nilitaka kuijua njia yangu kwa miguu. Chuo changu kilikuwa Ochanomizu. Ukishuka kidogo kusini unaikuta barabara ya Yasukuni-dori pale Jimbocho, kwenye maduka ya vitabu vya zamani. Unaifuata magharibi hadi Shinjuku, unapita chini ya daraja la reli, na barabara ileile inaendelea mbele ikiitwa Ome Kaido. Inapita Nakano-Sakaue, inafika mbele ya ofisi za wilaya ya Suginami pale Minami-Asagaya. Unakata kulia kuifuata barabara yenye miti mikubwa pande zote, na unatokea kituo cha Asagaya. Njia nzima ni kona chache sana.

Wageni wapya nawaomba Jumapili moja tuitembee pamoja mchana. Njiani nawaonyesha vibandiko kwenye milango ya maduka ya saa ishirini na nne na vituo vya mafuta, vinavyosema kwamba siku ya maafa duka hilo litampa mtembeaji maji, choo na habari za njia. Nawaonyesha shule ipi ni mahali pa kukimbilia. Tukichoka tunakula rameni, tambi za supu, pale Nakano-Sakaue, kisha tunaendelea. Wanaokaa kwingine natafuta nao njia yao kwenye ramani, kwa kalamu, tukianzia mlangoni kwa mwajiri au chuoni. Walioko mikoa ya jirani ya Saitama au Chiba wana mito ya kuvuka, Arakawa na mingine, na madaraja hayako kila mahali. Hao wachague daraja lao mapema, walivuke kwa miguu angalau mara moja, na waandike namba ya nguzo ya kwanza baada ya daraja.